Kero ndogo ndogo za abiria wenzetu kwenye treni: watu wa Tanga tusemane

Mgosi Makorora (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Sisi wa Tanga na treni tuna mkosi wa aina yake. Reli ya kwanza ya Tanganyika imeanza kutandikwa kwetu, 1893, Dar yenyewe ikiwa haijaona hata taruma moja. Leo mtu wa Tanga mjini akitaka treni ya abiria anapanda basi dogo Kange mpaka Korogwe, anakaa stesheni na mabegi yake kusubiri ile ya Dar kwenda Moshi na Arusha. La sivyo aende Dar kabisa akaunganishe na ya umeme ya Morogoro na Dodoma. Mimi riziki yangu inanipeleka kote kote, na uzi huu haumhusu mwenye treni. Nauli, ratiba na kuchelewa vina nyuzi zake. Leo tusemane sisi kwa sisi, abiria.

Nianze na simu maana ndiyo mama wa kero zote. Mtu anapigiwa, haweki sikioni, anaweka spika, halafu anaishika mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. "Haloo! Haloo! Nipo kwenye treni! NIPO KWENYE TRENI!" Behewa zima tunajua yupo kwenye treni, na sisi si tupo humo humo? Akimalizana na shemeji anafungua video. Sekunde kumi mchungaji, sekunde kumi singeli, sekunde kumi mtu kaanguka kwenye matope, anacheka peke yake, anairudia ile ya matope. Ukimtupia jicho anadhani umeipenda, anakugeuzia na wewe uone.

Kingine ni siti ya dirishani. Tiketi yako imeandikwa namba, unaifuata, unamkuta mama keshajitandaza, mtoto kalala mapajani, chupa ya chai ipo pembeni. Unamwonyesha tiketi. "Baba, we kaa tu hapo, mimi nisipokaa dirishani natapika." Utamfanya nini? Unakaa. Kufika Mombo mgonjwa wa kutapika kala mahindi mawili ya kuchoma, mayai, na nusu nanasi. Na dirisha kalifunga, anasema upepo unamwumiza mtoto.

Nimekaa nikaona chanzo. Sisi kusafiri tumejifunzia kwenye basi, na kwenye basi kuna konda. Mzigo wako konda ndiye anaamua uende kwenye buti au uupakate. Mkigombea siti anakuja na karatasi yake: wewe kumi na nne, nyuma. Dereva akifungulia muziki wake, simu za watu wote zinamezwa. Halafu kwenye basi unatazama kisogo cha mwenzako, hata akifanya vituko huoni. Treni ya daraja la tatu mnatazamana uso kwa uso, magoti yanagusana, usiku kucha. Konda hakuna. Mkaguzi wa tiketi anapita, anakagua, anaenda zake behewa la mbele. Baada ya hapo mmeachiwa wenyewe, na adabu mliyopanda nayo ni ile ya basi.

Leteni zenu. Matusi hapana, kuna wazee humu.

Ngamiani Barabara ya Nane

Wa kwanza kucoment leo. Umesahau wavua viatu, mgosi. Mtu kavaa raba tangu asubuhi, jua la Tanga unalijua, anafika anavua, anapandisha miguu kwenye benchi la mbele, kati yangu na mwenzangu. Soksi ina tundu. Nikamwuliza kaka hii miguu imekata tiketi? Kacheka, hakuishusha.

Bint Chumbageni

Kaka Mgosi uzi mzuri, ila hiyo ya basi naikubali nusu. Mimi napanda sana ya umeme, na kule kila mtu ana siti yake, mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi, wahudumu wapo wanapita pita. Kwa hiyo mkono wa konda upo, hata kama hapigi kelele. Na kero zipo vile vile, zimebadilisha nguo tu.

Mfano ubaridi. Madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinapuliza. Atatokea mzee mmoja analalamika kuanzia Dar mpaka Morogoro kwamba anagandishwa, na mwingine siti ya nyuma anajipepea na tiketi anasema joto. Wote wawili wanamtaka mhudumu huyo huyo arekebishe.

Halafu ile skrini inayoonyesha mwendo. Tangu treni hizi zianze 2024 naona watu hawajaizoea. Ikikaribia kilomita 160 kwa saa nusu ya behewa inasimama na simu juu kupiga video ya namba. Mwenye bahati yake mbaya kakaa chini ya skrini, anawekewa viwiko kichwani. Nimeshapigwa kumbo la chai mimi. Aliyenipiga alisema "samahani dada" huku macho yako kwenye skrini, kisha akaniomba nimpige picha yeye na ile namba.

Na kusimama mapema! Treni inatoka Dodoma inakuja Dar, hata Pugu hatujafika watu wamejazana mlangoni na mabegi mgongoni. Mlango unafunguliwa treni ikisimama, na wote tunashuka stesheni ile ile ya mwisho. Mnakimbilia wapi?

Mama Machungwa

Mie nimesoma mpaka hapa nasubiri mtu aseme mizigo, na najua mnakuja huko. Nasema mapema: gunia langu la machungwa ya Muheza liko miguuni kwangu, halijampanda mtu. Mkifika Moshi mnayanunua sokoni mnasifia matamu, mnadhani yamepaa?

Kero yangu mie ni hao wenye begi la kompyuta. Wamelivaa, wamelivua, wamelikalisha kwenye siti pembeni kama mtu mzima. Ukiuliza "baba hapa pana mtu?" anasema yupo, kaenda chooni. Huyo mtu wa chooni tangu Korogwe mpaka Same hajarudi, si tungemtafuta basi.

Mtu wa Hedaru

Mama Machungwa umeniua 😂 mtu wa chooni nimekutana naye mara nyingi, hana sura.

Mimi naleta mambo ya chakula, na hapa watu wa pwani mnisamehe kidogo kwa sababu mimi ni wa huku juu, Upareni, nimeoa Tanga. Kwetu mtu akila akakuambia karibu, maana yake kuna chakula na yeye anataka ule. Pwani nimekuta kila anayefungua hotpoti lazima akaribishe behewa zima, na behewa zima lazima liseme "starehe", na ukishasema starehe mambo yameisha, anakula. Mke wangu kanifundisha siku ya kwanza kabla ya kupanda: ukikaribishwa usinyooshe mkono.

Sasa tukawa kwenye treni, mbele yetu bibi mmoja wa Pangani kafungua wali wa nazi, samaki wa kupaka, na kachumbari iko kwenye kikopo chake. Harufu ile, wakuu, nyie acheni. "Karibuni wanangu." Sote: starehe bibi, starehe. Kuna kijana kapandia njiani, koti zito, naona ni wa bara kama mimi. Akasema "asante mama", akatoa kitambaa akajifuta mikono, akasogea. Bibi wa watu hakubadilisha hata uso. Akamsogezea hotpoti, akamchagulia na kipande cha samaki cha mgongo. Kijana akala haswa, akalamba vidole, akashukuru.

Mimi nakosa jibu mpaka leo: nani aliyekuwa kero pale? Kijana hana kosa, amekaribishwa. Bibi hana kosa. Na sisi tuliosema starehe tulibaki na njaa yetu.

Bint Chumbageni

Mtu wa Hedaru, bibi hakuwa na shida, bibi alifurahi. Hujui tu. Unapika wali wa nazi wote ule wa safari ule peke yako? Amepata mlaji. Kero ingekuwa kama angechukua kile kipande cha mgongo bila kupewa.

Kero ya chakula halisi ni mayai ya kuchemsha kwenye behewa lililofungwa madirisha. Sina la kuongeza.

Fundi Reli Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimepita kimya kimya nikaona nitie neno, maana nimezeeka kwenye reli hii, karakana ya Tanga, na nimesafiri bure kwa miaka mingi kwa kibali cha mfanyakazi.

Kwanza kijana mleta mada, maneno yako ya reli ni sawa. Ilianzia Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Arusha ilingoja mpaka 1929. Ile njia ya kutoka Ruvu kuja kuungana na yetu ni ya 1963. Kabla ya hapo reli yetu na ya kati zilikuwa hazionani, mtu wa Korogwe hafiki Dar kwa treni hata akitaka.

Lakini hapo unaposema adabu imeletwa na basi, nakukatalia. Enzi hizo basi halikuwa na nguvu hii, watu walikuwa wa treni hasa, na kero zilikuwepo tele. Nani kakuambia tulikuwa malaika? Kuku kwenye tenga chini ya benchi, saa kumi alfajiri jogoo anawika behewa zima linaamka. Watu wanavuta sigara mpaka moshi unaning'inia. Wasindikizaji ndio usiseme. Mtu mmoja anasafiri, wanapanda saba kumsindikiza, wanakaa kwenye siti za wenye tiketi, wanalia, wanaagana, filimbi inapigwa hawashuki. Kila safari kulikuwa na msindikizaji aliyeshukia Muheza akarudi na miguu yake au na lori.

Na papa mkavu. Watu wa pwani tukienda kuwatazama ndugu zetu wa bara tulibeba papa na ng'onda. Wenyewe hatusikii harufu, tumekulia humo. Mtu wa Moshi akiingia kwenye behewa anatoka.

Tofauti ninayoiona mimi ni moja, nayo ni muda. Zamani mlipanda mkijua mtakaa pamoja siku nzima na pengine usiku, simu hakuna, pa kukimbilia hakuna. Kwa hiyo kabla gari moshi halijatoka Pongwe mmeshajuana: huyu mwalimu, huyu anampeleka mgonjwa, huyu ni mpwa wa fulani wa Mabawa. Ukishajua mtu ni mpwa wa fulani, huwezi kumwekea miguu usoni.

Nikiongeza la mabehewa ya kulala. Daraja la pili vitanda sita, vitatu kila upande. Kile cha kati kikifunguliwa, wa chini hawawezi kukaa wakanyoosha shingo. Sasa atatokea mmoja, saa moja ya usiku, anasema nimechoka, anafungua kitanda chake cha kati analala. Mmebaki watano mmejikunja chini mnakula mmeinama. Sisi kanuni yetu ilikuwa kitanda cha kati hakifunguliwi mpaka wote sita mkubaliane, na mwenye mgonjwa au mtoto ndiye anasikilizwa kwanza. Haikuandikwa popote.

Ngamiani Barabara ya Nane

Shikamoo mzee. Hiyo ya msindikizaji kurudi na lori kutoka Muheza nimecheka mpaka mke wangu kaja kuangalia.

Kijana wa Manundu

Mimi nakaa karibu na stesheni Korogwe. Mnaosema abiria wabaya hamjaona wanaopanda. Treni inasimama dakika chache, badala ya kusubiri wanaoshuka washuke, wanaopanda wanaingia kwa nguvu kupitia mlango huo huo. Wengine wanapitisha mabegi dirishani kushika siti. Begi limeshaingia, mwenyewe bado yuko chini anagombana. Na siti zina namba!

Juzi kuna begi limepita dirishani likamdondokea mtu mapajani. Yule wa ndani kalichukua taratibu, kalirudisha dirishani, kaliachia. Mwenye begi chini anapiga kelele "we kaka!" na wa ndani anamjibu "nimelishusha, limefika kwao." Nikasema huyu kaka angefaa kuwa mkuu wa stesheni.

Mpenda Utulivu

Tuseme na wahubiri na wauza dawa. Unaona mtu kasimama katikati ya njia, kajitambulisha, "ndugu wasafiri naomba dakika zenu mbili". Dakika mbili zinakwisha Mkomazi, yeye bado. Dawa moja inatibu vidonda vya tumbo, macho, nguvu za kiume na mchwa. Na wale wa dini, wa pande zote mbili, sibagui: mmoja anafungulia kaswida kwenye simu, mwingine behewa hilo hilo kaona asipitwe, kafungulia kwaya. Sisi katikati tunapokea baraka zote mara moja bila hata moja kueleweka.

Bint Chumbageni

Wanawake wenzangu mko wapi humu? Naona nimeachwa peke yangu na Mama Machungwa. Wanaume mnalalamikia soksi, ngoja niwaambie za kwetu.

Kuna maswali. Unakaa, hujapumua, wa mbele anaanza. Unaelekea wapi? Kufanya nini? Kwa nani? Umeolewa? Mume anafanya kazi gani? Mbona kakuacha usafiri peke yako usiku? Hayo yote treni haijaondoka. Shangazi wa makamo akiniuliza namjibu, ndiyo mazungumzo ya safari, na mara nyingi yeye naye ananieleza ya kwake tunafika tumekuwa ndugu. Ila kijana wa rika langu akiuliza hivyo anaomba namba, sote tunajua. Mimi dawa yangu ni moja. Naanza kumwuliza yeye, kwa sauti, na maswali ya shangazi: wewe umeoa? Kwa nini? Mama yako anasemaje? Mahari umeanza kuweka? Benchi la pembeni likianza kusikiliza, anafungua simu yake.

Na kulaliwa bega. Jamaa anaanza kusinzia kwa heshima, kichwa kinaenda mbele, kinarudi. Baadaye kinapata njia yake kuja begani kwangu. Nasogea, kinafuata. Nakohoa, haamki. Siku moja nilisimama tu ghafla kama nachukua begi juu. Kaanguka mpaka kwenye benchi, kaamka kauliza "tumefika?" Nikamwambia bado kaka, endelea kulala, ila huko huko.

Mama Machungwa

Bint Chumbageni nipo mwanangu, nacheka tu. Watakuambia wewe una maringo. Waambie ndiyo.

Mgosi Makorora (mleta uzi)

Shikamoo mzee Fundi Reli. Nimekusoma mara mbili. Kwenye kuku na wasindikizaji umenishinda, siwezi kubishana na aliyekuwepo. Lakini naona hapo mwisho umesema jambo lile lile ninalolisema mimi. Watu walijuana, wakawa wanasimamiana wenyewe, konda hahitajiki. Leo kila mtu ana kioo chake mkononi, anayemjua yuko upande wa pili wa simu, wa mbele yake hamjui na hana mpango. Kwa hiyo akiwekewa miguu anangoja atokee wa kuamua, na hatokei mtu. Sisemi zamani watu walikuwa wema zaidi. Nasema walikuwa wanaambiana.

Mama Machungwa, gunia lako halina neno. Wenye gunia huwa wanaomba radhi kabla hawajakanyaga mtu. Begi la kompyuta halijawahi kuomba radhi.

Sasa niwape niliyoiona kwa macho, maana ndiyo imenifanya nifungue uzi. Tumetoka Korogwe, usiku, taa za behewa zinawaka nusu. Jamaa mmoja wa makamo, kofia ya baraghashia, anaongea kwa spika na dada yake. Habari ni mguu wa mama yao umevimba, hospitali wamempa dawa, kaka mkubwa hajatuma hela, shemeji kasema maneno mabaya. Tunasikia sote, na kila mtu anajifanya hasikii. Mwingine anatazama dirishani, giza tupu, anatazama nini?

Mbele yake bibi mmoja kajitanda kanga, kimya tangu tupande. Ghafla akainama kwenye ile simu akasema, taratibu kabisa: "Mwanangu, hujambo? Mguu umevimba tangu lini?" Upande wa pili kimya. Kisha yule dada akajibu! Tangu Alhamisi. Bibi akauliza, vidole vinaingia ukivibonyeza? Vinaingia. Bibi: "Mrudisheni hospitali, msimkande, msije mkamwunguza. Na huyo kaka yenu mkubwa, anafanya kazi gani?" Jamaa kashika simu, mdomo wazi. Mzee wa benchi la pembeni naye akadakia: kaka mkubwa huyo ana watoto wangapi, maana na yeye ana majukumu, msimhukumu. Mwingine nyuma akasema hapana, mama ni mama. Ukafunguliwa mkutano. Dada wa watu anajibu wote mmoja mmoja.

Jamaa akatoa ile spika, akaiweka simu sikioni, akanong'ona "nitakupigia nikifika". Bibi akamwambia, "Aa, kwani tumemaliza? Hela nani anatuma?"

Hakumgombeza. Hakusema punguza sauti. Na mpaka tunashuka sikuona simu nyingine ya spika pale. Lakini muone na upande wa pili: Same hatujafika, bibi alishakusanya namba ya yule dada, na jamaa mwenyewe alishaahidi mbele yetu sote kutuma hela asubuhi. Sijui kama alituma.

Ngamiani Barabara ya Nane

Huyo bibi apewe behewa lake.

Mpenda Utulivu

Mimi ningekuwa yule jamaa ningeshuka. Hiyo ni kero nyingine kabisa, mnaisifia kwa sababu imetoka kwa bibi. Angekuwa kijana kaingilia simu ya mtu mngeitana polisi.

Mgosi Makorora (mleta uzi)

Mpenda Utulivu, ndiyo, ni kwa sababu imetoka kwa bibi. Kijana hana ruhusa hiyo, na ni sawa asiwe nayo.

Mtu wa Hedaru

Mimi nipo na Mpenda Utulivu kidogo. Huku kwetu mtu mzima angesema moja kwa moja, "kijana punguza", ikaisha. Watu wa Tanga mnapenda kuzunguka. Mke wangu akitaka nizime redio ananiuliza kama nimesikia mvua inanyesha.

Bint Chumbageni

Na wewe unaenda kuangalia mvua 😂

Kijana wa Manundu

Nirudi kwa mzee Fundi Reli, nina swali la maana. Shangazi yangu yuko Dodoma, ananidai papa tangu mwaka jana. Nataka nimpelekee kwa ya umeme. Madirisha hayafunguki, kiyoyozi kinazungusha hewa ile ile, na mashine ya ukaguzi ipo. Nyinyi mlikuwa mnalifungaje ili watu wasitoke?

Fundi Reli Mstaafu

Mwanangu, sisi hatukufunga, tulifungua dirisha.

Ila nikushauri. Kwanza ulizia kwa wenye treni kama wanaruhusu, usifike mlangoni ukaaibika. Wakikuruhusu, usichukue lililokatwa jana, bado lina maji. Chukua lililokauka likawa gumu, ukiligonga linalia. Zamani wengine walitia kwenye mifuko ya plastiki, hiyo imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo tafuta ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana, ioshe, ikauke kabisa. Papa limevikwa magazeti mengi, ndani ya ndoo, mfuniko juu, na utepe wa gundi kuzunguka ukingo. Usiifungue njiani hata kidogo, hata ukiombwa na mkwe.

Mama Machungwa

Au mpeleke kwa basi, kwenye buti. Mie nimemaliza.

Kijana wa Manundu

Asante mzee, asante mama. Ndoo ninayo, ya rangi ya kijani. Anayeuza papa kavu kavu Deep Sea aje inbox.